Sanamu Yenye Uso Wangu na Jina Lako

Apiyo, wewe uliyenitangulia kutoka tumboni,

Mimi sikusoma, unajua. Anayeandika ni mke wa mwanangu, na nimemwambia asinipambie maneno.

Tuko na shida. Lile jengo jipya la ghorofa karibu na mpaka hapa Busia, wanataka kuweka sanamu ya mwanamke mchuuzi mlangoni. Akina mama wa soko wakasema, kama ni mchuuzi, ni marehemu Apiyo. Nikafurahi. Fundi akaja kutoka Nambale kuomba picha yako. Picha gani? Ile moja ilinyeshewa, likabaki bega tu. Akaniangalia. "Si mlikuwa mapacha? Kaa hapo, mama." Nikakaa, mjinga mimi.

Jana nilienda kuona. Apiyo, niliogopa. Ule udongo aliofinyanga kwanza kama mfano ulikuwa unaniangalia mimi, mdomo umefungwa kama duka siku ya matanga. Na chini wataandika jina lako! Binti yako akaitazama, akasema, "Mama mdogo, huyu ni wewe kabisa," akatoka nje kulia.

Unakumbuka kile kibali kimoja cha kuvuka mpaka tulichotumia wawili? Ulitangulia na sabuni zako, ukanirudishia karatasi kwa mtu wa baiskeli. Nikafika nayo kwa askari.

"Wewe si umepita sasa hivi?"

"Nilisahau ndoo, boss."

Angekubali. Lakini wewe ulikuwa ng'ambo, unacheka mpaka watu wa Uganda wanageuka. Akakuita, akatusimamisha pamoja. "Chekeni niwaone." Ukafungua mdomo wote, pengo lako la mbele likaonekana. Mimi nikafunga wangu. Tangu siku hiyo hakuuliza karatasi tena. Wewe alikwambia, "Cheka kwanza." Mimi, "Wewe wa kununa, pita."

Tuliazimana kibali, tukaazimana gauni la kanisa, hata mwanangu ulimnyonyesha nilipougua. Lakini uso wangu sitaki ubaki nao. Mtu wako yeyote akija pale kukutafuta, atakuta mimi nimemnunia. Na mimi bado niko hai. Nani anataka kusimama kwenye simiti kabla hajafa?

Fundi anasema Jumamosi anamwaga simiti. Ikikauka, imekauka. Nikamfokea, naye akanijibu polepole, "Basi cheka kama yeye, mama. Nitabadilisha mdomo."

Nilijaribu, Apiyo. Tangu tukuzike, huu uso umekataa. Nikatoa meno, nikashikilia hivyo, jasho linanitoka. Fundi akaweka kisu chini, akaniuliza kama ni jino linaniuma.

Hapo ungeanguka chini kwa kucheka.

Kesho asubuhi narudi kukaa kwenye kile kiti cha fundi. Nikishindwa, watoto wako watapita hapo maisha yao yote wakiona mwanamke fulani aliyekasirika, wanaambiwa ni mama yao.

Kanisani ulikuwa unanitekenya mbavuni watu wakiwa wamefumba macho, mpaka napasuka kwa kicheko, na mimi ndiye natolewa nje. Nilikutukana kweli kweli. Nayafuta matusi yote.

Nitavaa gauni jepesi, la kijani, mbavu ziko wazi kwako. Njoo unitekenye.

Ni mimi, wako wa pili,
pacha wako, Adongo