Mke wa Chui Alipobisha Hodi Kwangu

Jumapili, Bunia. Mvua ilinyesha alfajiri, ikakoma ghafla, na sasa jua linachoma matope. Nilitoka kanisani kabla ya matangazo, jambo ambalo sina desturi nalo. Nimeketi mezani, nimesimama, nimeketi tena.

Nianze na hadithi yenyewe, kwa maana si kila msomaji anaijua. Katika ukoo wetu, kabla ya binti kwenda kwa mumewe, wanawake humweka katikati ya mkeka, na shangazi mkubwa humsimulia habari za mke wa Chui. Msichana anaolewa na mwanamume mzuri mwenye ng'ombe wengi. Jua likizama, mwanamume huyo hugeuka chui na kumparura. Mke hasemi neno. Anapika, anafagia, anafunga majeraha yake kwa majani. Mwaka wa saba ngozi ya chui inaanguka, na mume anabaki mtu mwema hadi mwisho wa maisha yake. Kila Chui anapoparura, shangazi husita na kumuuliza bibi harusi, "Ulisema nini?" Naye hujibu, "Nilinyamaza."

Shangazi mkubwa ni mimi. Nimeisimulia hadithi hiyo kwa miaka mingi, kwa sauti ile ile niliyoitumia darasani, na nilijivunia kwamba sikuwahi kuruka sentensi hata moja.

Furaha, binti wa kwanza wa kaka yangu, nilimsimulia kabla hajapelekwa Komanda kwa mumewe. Alijibu vizuri, bila kukosea.

Mwaka wa pili wa ndoa yake alibisha hodi hapa kwangu, mtaa wa Saio, asubuhi, akiwa na mfuko mdogo wa nguo na jicho moja limefumba kwa uvimbe. Nilimpa chai. Nilimpa mkate. Kisha nikamwita mwenye pikipiki, nikamrudisha kwa mumewe siku hiyo hiyo.

Nilimwambia kwamba miaka saba ilikuwa bado.

Mwezi uliopita alitoka tena Komanda, safari hii na mkono uliovunjika na kuungwa vibaya. Hakuja kwangu. Alikwenda kwa rafiki yake mtaa wa Lumumba. Nilipopata habari nilimfuata, nikamwomba aje kwangu. Siku mbili alikataa hata kutoka chumbani. Siku ya tatu alikuja, akaweka mfuko wake karibu na mlango, na mpaka leo mfuko huo haujasogea.

Ijumaa ilikuwa zamu ya Riziki, mdogo wake, kuketi kwenye mkeka. Sikuweza kumsimulia mambo yale yale huku dada yake akisikia. Kwa hiyo Jumatano nilichukua daftari na kuiandika hadithi upya. Katika hadithi yangu mke alishika mkuki, akamwua Chui, akatwaa ng'ombe wote, akawa mtawala wa nchi. Sentensi zilikuwa safi. Niliridhika, nikamsomea Furaha alipokuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, kwa mkono wake mzima.

Alicheka mpaka majani yakamwanguka.

"Eh, shangazi! Uyu mwanamuke wako iko na nguvu! Mukuki alitosha wapi?"

Nikamwambia mkuki ulikuwa umetundikwa ukutani.

"Kwetu ku ukuta kulikuwa tu kalendari." Akayaokota majani, akaendelea kuchambua. "Mimi sikuua mutu. Nilitoka tu. Kutoka njo ilikuwa kazi." Baadaye, bila kuniangalia, akauliza, "Na mu hadisi yako hakuna shangazi? Shangazi iko wapi?"

Lugha hiyo ya mitaani nimeipiga vita maisha yangu yote. Sikumsahihisha.

Nilirarua kurasa zile. Nakiri kwamba nilikuwa nimeandika hadithi ambamo kosa lote ni la Chui. Mkuki ulinisaidia mimi kuliko ulivyomsaidia yule mke. Ukimwua Chui mapema, hakuna atakayeuliza ni nani aliyemwambia mke anyamaze, wala ni nani aliyemshika mkono na kumrudisha.

Niliandika tena. Asubuhi moja mke anatoka, anatembea, anabisha hodi kwa shangazi yake. Shangazi anamnywesha chai, kisha anamrudisha mwenyewe kwa Chui. Mke anatoka mara ya pili, na sasa anapita mlango wa shangazi bila kusimama. Ngozi haianguki. Chui anabaki chui.

Ijumaa mchana niliwasimulia hivyo. Nilipofika mahali Chui anapoparura, sikuuliza kitu, lakini wanawake waliitikia wenyewe kwa mazoea, "Nilinyamaza!" Wengine walicheka waliposikia sauti zao. Nikangoja watulie. Nilipofika kwa shangazi anayemrudisha binti, mmoja alipiga makofi akidhani nafanya mzaha.

Nikasema, "Shangazi huyo ni mimi."

Aliyepiga makofi akashusha mikono. Furaha aliangalia mkeka. Riziki alimtazama dada yake kwa muda, kisha akanigeukia mimi.

"Shangazi, na mimi nikirudi hapa, utanifungulia mara ya ngapi?"

"Mara ya kwanza," nikamjibu. Sauti yangu haikuwa ile ya darasani.

Jana Riziki aliolewa. Mumewe anaonekana kijana mpole. Ninaomba iwe hivyo kweli. Baada ya chakula kaka yangu alinivuta pembeni, jasho likimtoka ndani ya koti lake la sherehe.

"Yaya, dada yangu mukubwa, umetupatisha haya. Wakwe wanasema siye tunafundisha mabinti kukimbia. Weye mwalimu muzima!"

"Nimemfundisha kwamba ana kwao," nikasema.

"Sawa. Lakini batu ya Komanda wanakuja Jumatatu. Usibaletee ile hadisi yako."

Hilo ndilo linalonisumbua tangu jana. Kesho wazee wa upande wa mume wa Furaha watakuja kwangu kumchukua. Desturi ni kwamba mke hukaa chumba cha ndani, na shangazi yake humsemea mbele ya wanaume. Kaka yangu anategemea kwamba nitasema amekubali kurudi, kisha kila mtu atakula. Kazi hiyo nimeifanya kwa mabinti watatu wa ukoo huu. Nilitamka wazi, nikasifiwa kwa ufasaha, nao wakatolewa chumbani na kupandishwa garini. Sikumuuliza hata mmoja wao alitaka niseme nini.

Mimi niliyekuwa nikiwaadhibu wanafunzi kwa kujibu swali ambalo hawakulisoma.

Leo nimemuuliza Furaha. Alikuwa anaanika nguo. Akabana shati la mwisho kwenye kamba, akasema atajua kesho akiwaona nyuso. Nilitaka kumshauri. Nilikuwa na sentensi tatu tayari, zenye mpangilio mzuri. Nikaingia ndani nazo.

Basi nimeamua jambo moja tu. Kesho Furaha hatakaa chumba cha ndani. Ataketi barazani, karibu nami, mbele ya wazee na mbele ya baba yake. Wakiniuliza anasemaje, nitawaambia wamuulize mwenyewe.

Na akiwaambia kwamba atarudi? Swali hilo limenisimamisha na kuniketisha mchana kutwa.

Kiti chake nitakiweka hata hivyo.