Shemeji Amefunga Puli Ndogo kwenye Mashini ya Marehemu, Naogopa

Mama mshauri, nakuomba unisomee hata kama maneno yangu hayana mpangilio, mimi ni mjane wa hapa Butembo, mume wangu Kitsa ametutoka mwaka huu kwa ugonjwa akaniachia mashini ya kusaga mahindi na mihogo, aliipenda kama mtu, alikuwa anaweka kiganja juu yake na kuisikiliza, halafu ananifuta unga kwenye nyusi na kusema leo inasaga vizuri. Sasa iko mikononi mwa mdogo wake Éliakim, kwa sababu katika ukoo wao mjane hasemi neno juu ya vitu vya marehemu mpaka kilio kiondolewe, na mimi nimenyamaza.

Tangu watu wakimbie kutoka upande wa Mangina wateja wamekuwa wengi, wanasukumana mlangoni na watoto mgongoni, na mama mmoja alimcheka Éliakim kwamba mashini yake inatafuna kama muzee bila meno. Ilimuuma. Akanunua puli ndogo, gurudumu lile linalovishwa mkanda, akatoa ile ya sentimita kumi na tano upande wa mashini akafunga ya sentimita kumi, ile ya motere, ya sentimita thelathini, hakuigusa. Motere inazunguka mara 900 kwa dakika, Kitsa alinifundisha kusoma vibao, na kibao cha mashini kinasema isipite 2000. Alipoijaribu bila mahindi ukuta ulitetemeka, ikatoa mlio ambao sijawahi kuusikia, nikatoka nje mbio. Mazutu, mafuta ya motere, ikaisha, anasubiri nyingine kutoka Kasindi ndipo aanze kusagia watu. Nilimwambia naogopa, akanijibu kwa upole: "Shemeki, weye unaogopa sababu kaka alikufa. Mashini hapana kujua kilio."

Labda ni kweli, siku hizi naogopa hata mlango ukigongwa. Sekondari sikuimaliza, na hesabu ya puli mbili inanishinda. Nihesabie, uniambie kama woga huu ni wa mashini au ni wa huzuni yangu.

Jokébed, Butembo

JIBU

Jokébed dada yangu, pole sana kwa Kitsa. Barua yako nimeitanguliza mbele ya zote, maana mazutu haitanisubiri.

Mkanda ni mmoja, kwa hiyo urefu unaopita kwenye puli kubwa ndio huohuo unaopita kwenye ndogo. Puli ya zamani ni nusu ya ile ya motere, basi ilizunguka mara mbili ya motere: 1800 kwa dakika, yaani mara 30 kila sekunde. Iko chini ya kibao. Kitsa hakuichagua ovyo. Hii mpya ni theluthi, itazunguka mara tatu ya motere: 2700, mara 45 kila sekunde. Kibao kimepitwa mbali. Na usidhani hatari imeongezeka kwa nusu tu kama mwendo. Nguvu inayovuta nyundo za ndani, zile zinazoponda mahindi, zitoke nje hukua kwa mraba wa mwendo: moja na nusu mara moja na nusu, zaidi ya maradufu. Nyundo ikikatika, bati linaloifunika mashini halitaizuia.

Huzuni unayo, lakini woga huu ni wa mashini.

Sasa nikugombeze. Ulikimbia ukamwacha Éliakim ndani, kisha alipokujibu mara moja tu ukanyamaza kwa ajili ya desturi. Desturi inakukataza kugombania mali. Haijamkataza mtu kusema kwamba nyumba inaungua. Mwite shangazi yao, dada ya baba. Yeye akimkemea Éliakim hakuna atakayesema mjane ameropoka. Mzungumze faraghani, wateja wasiwepo, kwa sababu kicheko ndicho kilichomfikisha hapa. Mwonyesheni kibao, ahesabu mwenyewe. Akitaka kusaga haraka, abadilishe nyundo zilizochakaa na asafishe chujio lililoziba.

Lakini kabla hujamwita mtu yeyote, leo hii, mashini ikiwa imezimwa, toa mkanda uupeleke chumbani kwako. Akiuliza nani ameutoa, usimtaje shangazi wala mimi. Mwambie ni wewe, na kwamba hutaki kumzika na yeye.