Chatu Aliyevuka Ukuta

Jumatano, 3 Julai
Nimebadilisha maji. Nimefuta sanduku lake la kioo. Bosi yuko ndani ya kijumba chake cha mbao tangu asubuhi, hata pua sijaiona. Ndivyo chatu hawa wadogo walivyo. Mchana wanajificha, jioni wanatoka. Kaka yangu Ochieng' alimwita Bosi kwa sababu hafanyi kazi na anataka kuhudumiwa.

Saa moja jioni akatoka. Akapanda tawi. Akapanda kioo, akaanguka. Akapanda tena. Zamani hakuwa hivi. Nilimwambia atulie, nikamweleza ya kazini. Mashine ya kukausha majani ya chai imekufa tena, na siku nzima wamenililia mimi, karani wa stoo, kama mimi ndiye ninayetengeneza vipuri. Nikapika ugali wa mtu mmoja. Mvua.

Alhamisi, 4 Julai
Amepanda tena. Anasukuma kifuniko kwa pua mpaka pua imekuwa nyekundu. Nimeweka jiwe juu. Nimemwandikia Ochieng' kwenye WhatsApp: Bosi anapanda sana, anatafuta nini? Ujumbe umefika. Hajausoma.

Niandike ukweli hapa, maana hakuna mahali pengine. Huyu si wangu. Ni wa kaka yangu. Ochieng' alifanya kazi kwenye bustani ya nyoka, na kibali kiko kwa jina lake. Alipopata kazi Qatar alimleta kwangu hapa Boito, akasema ni miaka miwili tu. Miwili iliisha Aprili. Kampuni hairuhusu mnyama ndani ya nyumba za wafanyakazi, labda paka. Kwa hiyo Bosi anaishi nyuma ya pazia, na mimi sikaribishi mtu. Hakuna aliyeingia humu tangu aje.

Jumapili, 7 Julai
Kanisani. Nilikaa nyuma, nikatoka kabla watu hawajaanza kusalimiana.

Ochieng' hupiga Jumapili. Leo hakupiga. Ile iliyopita pia hakupiga. Akipiga anamuulizia Bosi kwanza. Amekula? Amejivua ngozi? Mimi huja mwisho. Sijali. Dada anaweza kusahauliwa, lakini mtu hamwachi chatu wake. Atarudi kumchukua. Hivyo ndivyo ninavyojipa moyo.

Jumanne, 9 Julai
Stima imepotea saa nane. Wanasema mti umeangukia nyaya upande wa Kimulot. Taa inayompa Bosi joto imezima. Baridi ya Julai unaijua hata ndani ya mifupa. Nimechemsha maji, nikajaza chupa mbili, nikazifunga kwa taulo, nikaziweka kando ya kijumba. Hakuzitaka. Alipanda mpaka kwenye taa iliyozima, akajizungusha hapo.

Jumatano, 10 Julai
Stima bado. Nimeamka saa kumi na moja kubadilisha chupa. Saa ya chakula nikakimbia nyumbani, nikabadilisha, nikakimbia kurudi. Msimamizi aliuliza ninakimbia nini. Nikasema tumbo.

Nimechoka. Hakuna hata mtu mmoja ninayeweza kumwambia kwa nini nimechoka.

Alhamisi, 11 Julai
Bosi hayupo.

Ni kosa langu. Asubuhi sikurudisha jiwe. Nimetazama ndani ya gamubuti, chini ya godoro, nyuma ya friji, ndani ya mikono ya makoti yote. Nimemwaga unga wote wa debe. Jikoni nikaona mstari kwenye masizi ya ukuta, kama mtu amepitisha kidole, unapanda juu ya rundo la kuni mpaka pale ukuta unapoishia.

Nyumba zetu ni za safu. Ukuta haufiki kwenye mabati. Upande wa pili ni jikoni kwa Mama Chepkoech.

Alichuma chai miaka mingi, sasa anakaa na mwanawe Kiprono. Nimemsalimu “chamgei” kila asubuhi kwa miaka miwili, na hakuna neno lingine. Kiprono ana panga la kukatia miti. Mara nyingi naliona limeegemea mlango.

Nimesimama mlangoni kwao mara mbili. Sikubisha. Mimi ni mwoga.

Ijumaa, 12 Julai
Nimebisha asubuhi, Kiprono alipokwisha kwenda kazini. Mama Chepkoech alikuwa anakoroga uji.

“Mama, kuna kitu yangu imeingia kwako.”

“Kitu gani?”

“Nyoka.”

Aliweka mwiko chini. Hakupiga kelele. Hiyo ndiyo iliniogopesha.

“Iko na sumu?”

“Hapana. Akiogopa anajikunja tu kama mpira, anaficha kichwa.”

“Una bahati Kiprono ametoka,” akasema. “Ingekuwa ni mambo ya panga.”

Tulianza kutafuta. Alikaa nyuma yangu akishika kigoda mbele ya kifua. Tulitoa masufuria, tukatoa magunia. Hakuna. Nikaangalia juu. Juu ya jiko kuna dari ya kukaushia kuni, na juu ya kuni kikapu cha mahindi ya mbegu. Nikachukua kigoda chake, nikapanda, nikaingiza mkono katikati ya mahindi. Pakavu. Pamebana. Joto kama kwapa. Bosi alikuwa hapo, mviringo kamili.

Nilipomshusha, Mama Chepkoech alirudi nyuma hatua moja. Akamtazama. Akanitazama mimi.

“Ndiye huyu unaongea naye jioni?”

Nikamsogeza Bosi kifuani.

“Nasikia kwa ukuta. Kila siku. Nilifikiria uko na bwana. Nikasema, wacha nisisumbue mtoto wa watu, ako na mtu wake. Ndio maana sijawahi kukuita hata chai.”

Nililia. Nyoka mikononi, ninalia jikoni kwa watu.

“Peleka yeye nyumbani, anasikia baridi,” akasema. “Halafu urudi ukunywe uji.”

Sikurudi. Aibu.

Stima imerudi saa tisa.

Jumapili, 14 Julai
Ochieng' amepiga. Ametia sahihi miaka mingine mitatu. Ana mtu huko. Anaitwa Grace, anafanya kazi ya hoteli. Watafunga ndoa Desemba.

Nikamwambia Bosi alipotea, nikampata.

“Kwani bado unaye?” akauliza. “Akinyi, si nilikuambia Krismasi umrudishe bustani?”

Sikumbuki akisema hivyo. Au alisema na sikutaka kusikia.

Nikauliza kwa nini anapanda. Akacheka. “Kijumba ni kikubwa, hewa baridi inaingia. Anataka kubanwa. Anapanda kwa sababu chini hana mahali pa kujificha.” Alijua wakati wote. Ujumbe wangu alikuwa hajausoma tu.

Nilikata simu. Sijawahi kumkatia.

Jumatano, 17 Julai
Nimepata chungu kidogo kilichovunjika mdomo. Nimekilaza upande wa joto, nikaweka matambara. Bosi aliingia mara moja. Jioni nilivuta kiti nikangoja. Saa moja. Saa moja na nusu. Alitoa kichwa, akaonja hewa, akarudi ndani. Hakupanda.

Ndicho nilichotaka. Na sijawahi kuhisi upweke kama leo.

Jumamosi, 20 Julai
Nimepigia watu wa bustani ya nyoka. Wanamkumbuka. Kibali hakiwezi kuja kwa jina langu nikiwa kwenye nyumba ya kampuni. Naweza kupanga chumba Boito, nje ya kampuni, na kuomba upya. Nililifikiria tangu asubuhi mpaka mchana. Kisha nikafikiria Julai nyingine, mti mwingine kwenye nyaya. Kwao kuna joto mwaka mzima.

Nimesema waje.

Jumamosi, 27 Julai
Wamekuja wawili, kwa gari dogo. Mmoja alimwinua Bosi kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayejua. Bosi akajikunja. Wakamtia kwenye mfuko wa kitambaa, wakafunga fundo, wakaweka ndani ya ndoo yenye matundu. Ilichukua dakika tano. Miaka miwili, dakika tano.

Mama Chepkoech alisimama nami barabarani. Majirani waliona. Acha waone. Gari lilipopinda aliniuliza, “Alikuwa anakujua?”

“Hapana, mama. Nyoka hajui mtu.”

“Sawa,” akasema. Nilimshukuru kwa hilo.

Jumapili, 28 Julai
Sikuenda kanisani. Nimeosha sanduku la kioo, nikaliegemeza nje likauke.

Saa nane Mama Chepkoech aliniita. Alikuwa na karai la maharagwe mabichi. Tulikaa nje ya mlango wake tukimenya. Mikono yake ina kasi kuliko yangu. Ukungu ulishuka kutoka msituni ukafunika chai, safu moja baada ya nyingine. Ndama wake akalia nyuma ya nyumba. Mama Chepkoech akainuka kwenda kumfungua, akaniachia karai.

Nilimaliza yaliyobaki.