Kompadre Upande wa Pili wa Meza

Jumatatu, 5 Februari

Hakuna mapatano. Marty kapiga simu asubuhi: klabu haiongezi hata senti. Mimi nimetaja dola milioni sita na nusu kwa msimu huu, wao nne na nusu, na sasa Alhamisi tunakwenda mbele ya wasuluhishi watatu wachague moja. Hii au ile. Hakuna katikati! Hata muuza ndizi wa kwetu Baní anajua katikati.

Marty ni wakala wangu. Ana furaha kama anakwenda harusini. Anasema mdakaji wa besiboli aliyeitwa kwenye timu ya nyota mara mbili hawezi kushindwa. Habari ya bega haijui.

Tunaoijua ni mimi, mke wangu Yudelka, na Fausto. Novemba niliteleza uani kwa mama nikiwa nimebeba mtungi wa gesi. Fausto alikuwa pale anakula. Ndiye aliyenikimbiza kwa daktari, akaishika picha mwenyewe akaielekeza kwenye taa. Msuli wa bega umechanika. Si sana, lakini mdakaji asiyeweza kurusha mpira hadi kituo cha pili ni gunia lililovishwa barakoa.

Na Fausto ni naibu meneja mkuu wa klabu. Ndiye aliyenisajili nikiwa na miaka kumi na sita, ndiye aliyemsimamia binti yangu Luz kwenye ubatizo. Kompadre wangu. Nimemuuliza leo kama Alhamisi atakuwepo. Akacheka. Niache, kompadre, tumeajiri mawakili, mimi kazi za buchani sifanyi.

Nikapumua.

Jumanne, 6 Februari

Marty kanifundisha kukaa. Usikunje uso, usitikise kichwa, wakikuita mzigo kunywa maji. Nikamwambia basi waniletee ndoo.

Alhamisi, 8 Februari

Fausto. Fausto!

Sijui nianzie wapi. Chumba cha mikutano hotelini, baridi ya kiyoyozi, meza ndefu, wasuluhishi mwisho kule. Marty amezungumza vizuri. Kisha upande wa klabu, nami namtazama wakili wao, mwanamke mmoja, nikingoja ainuke. Hakuinuka. Aliyeinuka ni kompadre wangu, na suti aliyovaa ni ileile ya ubatizo wa Luz.

“Bwana Pimentel,” kaanza. Tangu anijue hajawahi kuniita hivyo! Nilitaka kugeuka nione Bwana Pimentel ni nani.

Kasema mimi ni mtu mwema, wenzangu wananipenda. Lakini. Miguu mizito. Lakini. Nikidaka mimi wapinzani wanapata pointi nyingi kuliko akidaka msaidizi wangu. Bila shaka wanapata! Warushaji chipukizi wote napewa mimi, kwa sababu nawatuliza. Na aliyeniomba niwachukue ni nani? Yeye, mezani kwangu, mdomo umejaa kuku.

Halafu akaonyesha Agosti. Mstari mwekundu unaporomoka. “Mwezi mzima,” kasema, “mchezaji hakuwa na msaada kwa timu.”

Agosti nilimzika baba. Fausto alibeba jeneza.

Nilikunywa maji. Glasi yangu, na ya Marty. Nangoja bega tu. Kanuni zinaruhusu kabisa, jeraha la mwili linazungumzwa wazi. Nikasema moyoni, haya, mtu aliyemtoa baba yangu kaburini atashindwa na bega? Akafunga faili. “Ni hayo tu,” kasema. Akakaa.

Mwishoni desturi ni kupeana mikono, pande zote, kama baada ya mechi. Akaninyooshea wake. Niliutazama mpaka akaurudisha.

Nimemsimulia Yudelka kwenye simu. Kasema: “Kuhusu miguu hajasema uongo, mimi nilicheza na wewe siku ya harusi.” Nikacheka, halafu nikalia. Mtu mzima, hotelini, nalia!

Ijumaa, 9 Februari

Tumeshinda. Sita na nusu.

Marty anapiga kelele mpaka nimeweka simu mezani. Mama kachinja mbuzi. Mimi nimekaa tu. Alikuwa na bega langu mkononi, neno moja tu lilitosha, na hakulisema. Mbona basi alisema yale mengine?

Jumatatu, 12 Februari

Fausto kafukuzwa!

Nimesikia redioni, nikiwa kwenye foleni ya petroli. Nimeegesha pembeni nikampigia. Nilidhani hatapokea.

“Kompadre,” kasema, kama hakuna kitu.

Nikamtukana. Nikamtukana kwa jina la baba. Kaacha nimalize. Kisha kaeleza. Mawakili walipokuwa wanajiandaa walimuuliza: wewe unayekula kwao, huyu ana jeraha lolote? Akajibu hana. Wakataka kuchimba, wapige simu hadi Baní. Akaomba aiendeshe kesi yeye mwenyewe, ili uchimbaji uishie kwake.

“Na Agosti?” nikauliza.

“Ilibidi nikuchape kweli. Ningekuchapa kwa kanga wangeniona.”

“Umemtumia baba, Fausto.”

Kasema anajua, na kwamba hilo hataniomba nimsamehe. Meneja mkuu kamfukuza kwa sababu aling'ang'ania kesi na kuipoteza. Basi. La bega hawalijui.

Mimi nilimwita nyoka siku nne nzima, na siku zote hizo alikuwa amelala juu ya siri yangu! Bado nina hasira naye. Hasira na aibu, zote pamoja, sijui niweke ipi mbele.

Jumatano, 14 Februari

Siku ya kwanza kambini. Wadakaji na warushaji tunaripoti kabla ya wengine. Sijavaa hata viatu, meneja mkuu, Whitcombe, kaniita ofisini. Nikajua nauzwa.

Mkataba wa miaka mitano! Milioni sabini na moja! Kasema hataki kukaa tena na mimi kwenye chumba kile kila Februari, kinaharibu udugu. Kasema udugu. Nilishika kiti.

Sharti ni moja, vipimo vya daktari wa klabu, Ijumaa. Marty kakubali kabla sijafunga mdomo.

Usiku nimempigia Fausto. Kuna klabu moja ya magharibi imemwita wiki ijayo, wazungumze kazi. Nikamwambia: vipimo.

“Wakiliona bega wataelewa kwamba niliwadanganya,” kasema. “Mchezo huu ni mdogo, kompadre. Hakuna atakayenipa hata funguo za stoo.” Kisha: “Lakini usije ukaliua bega kwa ajili yangu.”

Yudelka kasema kataa, chukua mwaka wako mmoja, upone kimyakimya. “Bega ni lako, lakini jina ni la Fausto.” Nikamwambia mtu anayekataa sabini na moja bila sababu ameshasema sababu.

Ijumaa, 16 Februari

Naandika nimekaa juu ya kifuniko cha choo, kliniki ya klabu. Nimeomba dakika moja.

Mpaka sasa mambo yamekwenda. Moyo mzuri, magoti mazuri kwa mdakaji. Daktari ni mzee mchangamfu, anapiga mluzi. Whitcombe mwenyewe yupo, kaleta keki! Marty anapiga picha. Mkataba uko mezani na kalamu juu yake.

Kisha daktari kauliza, bila hata kuinua macho, kama mkono wa kurushia umewahi kunisumbua. Mkono ukipanda vizuri, kasema, hatuna haja hata ya kwenda kwenye mashine ya picha, tutakula keki.

Akaushika mkono kiwikoni, akauinua kidogo tu, usawa wa kifua. Nikaona nyota. Nikatabasamu! Sijui tabasamu lilitoka wapi. Nikasema samahani daktari, msalani.

Nimejaribu hapa mbele ya kioo. Mkono unafika usawa wa bega, unagoma. Nimejaribu kuusukuma kwa mkono wa kushoto. Jasho linanitoka.

Simu ya Fausto haipokelewi. Leo amekwenda kununua suti ya kuzungumzia kazi, kasema Yudelka.

Daktari anagonga mlango. Anasema nisiwe na wasiwasi, limebaki zoezi moja tu: mikono yote miwili, juu ya kichwa.