Alisema Mshipa

Jumatano, baada ya magharibi

Mshipa! Neno hilo moja ndilo lililotushinda leo kwa wakili.

Eda yangu imekwisha juzi. Nikasema sikai kimya, mume wangu amekufa kwa kutibiwa ugonjwa usio wake. Tukatoka Mlingotini na binti yangu Zuhura hadi mjini Bagamoyo. Wakili akafungua daftari la matibabu, akatusomea: maumivu ya mshipa wa paja, apewe dawa ya kuchua. Siku ya tatu walipompasua, utumbo ulikuwa umeshaoza ndani ya ngiri.

"Mama, marehemu alimwambia daktari anaumwa nini?"

"Alisema mshipa."

Zuhura akaruka. "Huku kwetu mshipa ndiyo ngiri! Nani asiyejua?"

"Daktari ametoka bara, dada. Atasema aliandika alichoambiwa."

"Si angempima!"

Wakili akanitazama mimi. Nikakiri kwamba daktari alimwambia avue, naye akashika kikoi chake akacheka, "Mshipa tu huo, mwanangu." Daktari mwenyewe binti mdogo kuliko Zuhura, angevuaje mbele yake?

Wakili amesema atajaribu. Kujaribu gani huko, hata kalamu hakuishika.

Zuhura amemlaani daktari njia nzima. Sijamwambia kwamba siku ile nilikaa ubavuni mwa baba yake, na yule binti alinigeukia kwa adabu, "Mama, una la kuongeza?"

Nikaona haya kutaja ngiri. Nikasema, "Hapana, mwanangu. Ni hivyo hivyo alivyosema."