Viazi vya Vipande

Mama, shikamoo. Kifua kimepoa? Nakuandikia nimesimama jikoni, maana kukaa kumenishinda.

Mimi na yaya hatuelewani. Namwambia amsagie mjukuu wako viazi na nyama viwe laini, yeye anamkatia vipande. Jana nikamfokea: mtoto akipaliwa, nani atajibu?

"Dada, atapaliwaje na magego anayo?" akasema, huku anasugua sufuria, wala hakugeuka.

Mama, sikujua, na baba usimwambie. Naondoka hajaamka, narudi kashalala. Leo nimebaki nyumbani, nikamtia kidole mdomoni nihesabu. Akaning'ata, akaangua kilio, akamkimbilia yaya.

Nilikuwa nimefika jino la saba. Yaliyobaki itabidi nimuulize yeye.

Ni mimi, kitinda mimba wako.