Nusu ya Wimbo wa Paa

Kosipur, Kolkata
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Kwako Dada yangu Rabeya,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Lalgola, na kwamba lile goti lako limepunguza ukorofi na linakuacha uswali bila kushika ukuta. Je, mbuzi wako alizaa salama? Na paa la jikoni, walikuja kukuezekea au bado wanakupiga chenga? Sisi hatujambo. Binti yetu Tuli ameng'oka meno mawili ya mbele na hataki kucheka mbele ya wageni. Mke wangu Nasrin anakusalimu sana, na safari hii amesisitiza niandike hivi: anamsalimu Dada Rabeya. Sababu utaiona huko mbele.

Nimeandika kwa herufi kubwa kwa ajili ya macho yako. Tafadhali usimpe mtu akusomee. Soma mwenyewe, polepole, hata ikichukua siku mbili.

Dada, unalikumbuka lile ghala la juti hapa Kosipur, kando ya mto, lenye lango la chuma la kijani? Nilikuwa mgongoni kwako, wewe na mama mmetoka kwenye kibarua cha kupiga paa la chokaa mtaa wa pili, uso wangu umejaa chokaa. Ulimwomba mlinzi akupishe ushuke ngazi uninawishe mtoni, naye akakufukuza kwa fimbo. Sasa mimi ndiye msimamizi wa mafundi humo humo. Lango lile nimeling'oa kwa mikono yangu, na sikumwachia mtu mwingine kazi hiyo. Ghala litakuwa mali ya watu wote: chumba cha kusomea, ukumbi wa harusi za wasio na uwezo, na ngazi za mtoni zitakuwa wazi kwa yeyote anayetaka kunawa.

Tatizo ni paa. Kuta ni za zamani, haziwezi kubeba zege. Lazima lirudishwe lilivyokuwa: chokaa, unga wa matofali, maji ya uwatu na sukari guru, kisha lipigwe kwa vibao siku nzima, siku baada ya siku, mpaka lisipitishe hata tone. Bi Mitali, mhandisi wetu, amepewa muda mpaka mvua za mwezi wa Ashar. Paa likishindikana, ghala litabomolewa na kiwanja kifanywe maegesho ya magari.

Tulipata wanawake ishirini wa mtaa wa nyuma, wenye nguvu na wepesi. Kumbe wepesi peke yake si kitu. Kila mmoja alipiga kwa kasi yake, huyu anawaza mboga, yule anawaza ugomvi na mkwewe. Kipande cha kwanza kilipokauka kikapasuka kama kisigino changu wakati wa baridi. Mzee Mofizul, fundi wetu wa chokaa, akatema tambuu yake pembeni na kusema hajapata kuona watu wanapiga paa midomo imefumbwa kama wako msibani. Alisema paa huimbiwa, na kwamba wimbo ndio unaoshusha mikono yote kwa pamoja. Ila yeye mwenyewe hajui kuimba, akiadhini tu watu hucheka. Fundi umeme akaleta spika akaweka nyimbo za sinema. Dada, ungekuwepo ungecheka mpaka ukae chini. Wanawake walipiga zaidi kwa viuno kuliko kwa mikono, na chokaa ikaruka mpaka kwenye miwani ya Bi Mitali.

Ndipo Bi Mitali akanigeukia. Aliniuliza kwa upole kama huko kwetu Murshidabad hajabaki hata mmoja anayezijua zile nyimbo. Nikamjibu kwamba hakuna, wote wameshakufa. Nilisema hivyo bila kupepesa macho. Wewe wakati huo labda ulikuwa uani unapepeta mchele.

Siku tatu nilizunguka na jibu langu tumboni. Bi Mitali alianza kukonda. Alikuwa anapanda juu kila asubuhi, anagusa zile nyufa kwa kidole, kisha anashuka. Siku ya nne nilikuwa napita nyuma ya wale wanawake, nikamwona mmoja ananyanyua kibao nje ya wakati, mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikaimba ule wa shemeji aliyenunua mwavuli, mvua ikamkimbia. Mikono ishirini ikashuka pamoja! Dada, sauti ile! Niliisikia kifuani kabla haijafika masikioni, na nikajikuta nalia huku naimba juu ya shemeji mjinga. Kajoli, mjane mmoja mwenye mdomo, akauliza, "We Kaka msimamizi, nyimbo za kike hizi umezipata wapi? Ulikuwa unavaa sari?" Wakaangua kicheko, nami nikasema nilizisikia tu njiani.

Tukaenda vizuri mpaka ukutani. Pale mstari wa wapigaji hugeuka, na wimbo nao hugeuka, mapigo yanakuwa mepesi ya kulainisha. Sikuwa nao. Nilitafuta kichwani, hakuna kitu. Nikawaambia warudi na ule ule wa kwenda, na chokaa ikaanza kuinuka ukingoni. Kajoli akaweka kibao chini akasema, "Umetupeleka, haya turudishe." Watu wote wakanitazama. Nilijua kwa nini siujui ule wa kurudi. Kila mlipokuwa mnageuka, mimi nilikuwa nimeshalala mgongoni kwako.

Nikawaambia mbele ya wote, Bi Mitali akiwemo, kwamba anayejua kurudi ni dada yangu, yuko hai, na kwamba nilidanganya.

Jioni ile nikamweleza na Nasrin. Sasa nakueleza wewe, ingawa unajua, na hilo ndilo lililonichoma miaka kumi na mmoja. Siku ya harusi yangu baba mkwe aliuliza ni nani yule mwanamke mwenye viganja vigumu. Nilikuwa nimeshawadanganya kwamba mimi ni mtoto wa pekee wa karani. Nikasema ni mtumishi aliyenilea. Wewe ulikuwa nyuma ya pazia na sinia la wali. Niliona vidole vya miguu yako chini ya pazia. Ulisimama kidogo, kisha ukaingia, ukawapakulia wageni wote, na mimi ukanipakulia nyama iliyonona. Jioni ukapanda treni. Tangu hapo hukukanyaga kwangu, na kila Idi nikija kwako hukuwahi kunitajia. Viganja vile ndivyo vilivyonipeleka shule. Nisamehe, Dada. Nimeona aibu kwa kitu kilichopaswa kunitia fahari, na aibu hiyo yote ni yangu.

Nasrin akasema, "Miaka yote hii namwita yule mama wa kwenu, na wewe unaitikia tu?" Hajanisemesha vizuri mpaka leo. Lakini kitanda cha dirishani amekitandika, na amemwambia Tuli ana shangazi.

Mvua haijafika, lakini mawingu yameanza kukusanyika upande wa kusini. Sikuiti kwa ajili ya paa peke yake. Ukija ukakataa kuimba, ukae tu kwenye ngazi unawe uso, nitaridhika, na habari ya paa mimi mwenyewe nitamweleza Bi Mitali. Usipokuja kabisa, nitakuelewa. Ukija, lete na kibao chako, kile unachofunikia chungu.

Nisalimie majirani wote, hasa mama Fulbanu, na umpe mbuzi majani kwa niaba yangu. Mwenyezi Mungu akupe afya na akulainishie moyo juu yangu.

Treni ya alfajiri kutoka Lalgola hufika stesheni ya Sealdah mchana. Kuanzia Alhamisi nitakuwa hapo kila siku na Nasrin, na baba mkwe naye, nimemwomba aje. Usihangaike kututafuta kwenye umati. Wewe shuka tu. Utamsikia mtu anapaza sauti, anaita, "Dada!" Huyo ni mimi.

Mdogo wako uliyembeba,
Sirajul